Nahodha na Bendera: Nani Anamdai Nani?

Bendera hufuata upepo. Methali hii husemwa pwani kwa mtu asiye na msimamo, anayeelekea kila kunakovuma. Si sifa njema. Lakini siku timu inapoagwa kwenda kushindana nchi za nje, maneno hugeuka. Kiongozi husimama mbele ya wanamichezo waliojipanga safu, akamkabidhi nahodha bendera, akamuusia aende akaipeperushe vyema. Nahodha huipokea, picha hupigwa, dua huombwa, na safari ikaanza. Kitu kilekile ambacho katika methali ni mfano wa kigeugeu, katika hafla hii hufanywa mfano wa uaminifu.

Desturi ya kukabidhi bendera ni ya Tanzania nzima, Bara na Visiwani, na imezoeleka mno hata haihojiwi. Hata hivyo, ndani yake limo suala la maadili. Anayekabidhiwa kitu cha watu amebeba amana, na mwenye amana hudaiwa. Mwanamichezo basi anadaiwa nini na bendera aliyopewa? Na lipo swali la pili, ambalo huulizwa kwa nadra zaidi: wale walioitoa bendera wanadaiwa nini na huyo waliyempa?

Zanzibar ni mahala panapofaa kuyauliza maswali haya. Visiwa hivi vimewahi kuwa na bendera kadhaa katika muda mfupi, vikaishi miongo minne bila ya bendera yao wenyewe, na leo vina bendera inayopokewa katika baadhi ya viwanja na kukataliwa katika vingine.

Neno lenyewe limekuja kwa bahari. Bendera ni neno la Kireno, kama zilivyo leso na meza, na kabla ya kuenea kwake palikuwapo beramu, ambalo kamusi zingali zinalihifadhi. Kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi kitambaa hicho hakikuwa pambo. Kilikuwa ni jawabu la maswali mawili ya yeyote akionaye chombo kwa mbali: huyu ni wa nani, na akidhulumiwa nani atamtetea?

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, manahodha wa Sur, Oman, walipata bendera za Ufaransa na kuzipandisha katika majahazi yao. Hawakuwa Wafaransa, wala hawakujidai kuwa ndio. Walichokitafuta ni kivuli, kwani manowari za Kiingereza zilikuwa zikisimamisha vyombo na kuvipekua kutafuta watumwa, na chombo chenye bendera ya dola nyengine kubwa hakikuguswa kwa wepesi. Chini ya kivuli hicho wapo waliofanya biashara ya halali, na wapo waliosafirisha watu waliouzwa. Uingereza na Ufaransa zikagombana, shauri likafika mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na mwaka 1905 ikatolewa hukumu iliyobana uwezo wa Ufaransa wa kuigawa bendera yake. Kisa hiki kinafundisha jambo moja waziwazi. Nahodha yule hakuibeba bendera bure: naye alitazamia kubebwa nayo. Na kinafundisha jambo la pili, lililo chungu: bendera haimchagui imfunikaye. Humsitiri mwema na humsitiri mwovu, na uzuri wa rangi zake hauthibitishi lolote juu ya kilichomo ndani ya jahazi.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Mji Mkongwe uliona upande mwengine wa jambo hilihili. Manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga kasri alimokuwamo Sayyid Khalid bin Barghash, na vita hivyo havikufika saa nzima. Watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa. Bendera iliyokuwa juu ya kasri ilipoangushwa kwa risasi, ndipo mizinga iliponyamaza. Maadamu kitambaa kilipepea, watu waliendelea kufa.

Michezo ya kimataifa imeyarithi yote haya, yaani kivuli cha bendera na gharama ya bendera, ikayaingiza katika uwanja usio na mizinga. Lililowekwa mahala pa mizinga ni adabu. Bendera za mataifa yanayoshindana hupandishwa zikiwa na kipimo kimoja na kimo kimoja, ya nchi kubwa isiipite ya nchi ndogo. Katika gwaride la ufunguzi wa Olimpiki, Ugiriki hutangulia kwa heshima ya asili ya michezo hiyo, mwenyeji huingia wa mwisho, na wengine aghalabu hufuatana kwa alfabeti ya lugha ya mwenyeji. Mwenyeji kukaa nyuma ya wageni wake ni adabu ambayo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Ndiyo ada ya kila nyumba yenye baraza.

Adabu ikivunjwa, hata kwa bahati mbaya, hudhihirika kuwa haikuwa jambo dogo. Tarehe 25 Julai 2012, katika Olimpiki za London, wanawake wa Korea Kaskazini walikuwa tayari kucheza mpira na Colombia mjini Glasgow. Kioo kikubwa cha uwanjani kikaonyesha sura za wachezaji hao pamoja na bendera ya Korea Kusini. Wakaondoka uwanjani, na mchezo ukachelewa kwa muda wa kama saa moja hadi wenyeji walipoomba radhi na kosa kusahihishwa. Wapo waliocheka. Lakini nani angecheka lau angeitwa, mbele ya hadhara, kwa jina la ndugu yake waliyekosana? Mwaka 1936 mjini Berlin, Haiti na Liechtenstein ziligundua kuwa bendera zao zilikuwa zimefanana, na mwaka uliofuata Liechtenstein ikatia taji katika ya kwake. Hapo pia hapakuwa na kiburi. Palikuwa na haja ya kutambulikana, ambayo kila mwenye jina anayo.

Hapa ndipo inapopasa kupambanua adabu na ibada. Adabu humheshimu mtu kwa kukiheshimu kitu chake. Ibada hukiheshimu kitu hata mtu akasahauliwa. Kanuni za bendera zote ni za upande wa kwanza, na dalili yake ni kuwa zinatofautiana na hazimuumizi yeyote. Wapo washika bendera wanaoiinamisha mbele ya jukwaa la mkuu wa nchi mwenyeji, na Wamarekani hawaiinamishi ya kwao. Sheria yao ya mwaka 1942 inawakataza kuishusha kwa mtu au kitu chochote. Wote hupita katika gwaride moja, na jua likatua salama. Lau heshima ingekuwa ndani ya nyuzi za kitambaa, mmoja wao angekuwa mkosa.

Kadhalika huzozaniwa katika mabaraza kuhusu mshindi anayejifunika bendera mabegani akauzunguka uwanja. Mmoja husema amemtukuza mama yake, mwengine husema ameifanya nembo ya taifa kuwa taulo. Watu wa kanga wanayo hoja ya kuchangia hapa. Kanga humbeba mtoto mgongoni, humsitiri mama jikoni, huvaliwa arusini, na hutumika anapooshwa maiti. Hakuna aliyewahi kusema kuwa imevunjiwa heshima kwa kuvaliwa. Kuna nguo ambazo heshima yake ni kukunjwa kabatini, na kuna nguo ambazo heshima yake imo katika kazi zilizozifanya. Kijana aliyekimbia hadi miguu ikamtoka damu, akaomba kitambaa cha kujifunika, hajaivunjia bendera adabu. Anayeivunjia ni yule aliyeichapisha kwa wingi siku ya ushindi, na ambaye wakati wa mazoezi hakuulizia hata kama kijana huyo ana viatu.

Tarehe 10 Disemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru kwa bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake. Bendera hiyo iliishi mwezi mmoja na siku mbili. Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na kabla ya mwezi huo kwisha visiwa vilikuwa na bendera ya buluu, nyeusi na kijani. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ukaja Muungano, na buluu ya Zanzibar ikaingia katika bendera ya Jamhuri mpya pamoja na kijani, nyeusi na dhahabu iliyotoka Tanganyika. Tokea hapo Zanzibar haikuwa na bendera yake peke yake, hadi Baraza la Wawakilishi lilipotunga sheria mwaka 2004, na mwanzoni mwa mwaka 2005 ikapandishwa ile inayojulikana leo: milia mitatu ya 1964, na katika pembe yake ya juu, upande wa mlingoti, bendera ndogo ya Muungano.

Ndani ya miongo hiyo minne, mpira haukusubiri. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuingia katika Kombe la Gossage mwaka 1949, ikishindana na Kenya, Uganda na Tanganyika, na iliendelea kuwa na timu yake katika mashindano ya CECAFA baada ya Muungano. Mwaka 1995, nchini Uganda, ikatwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Huo ndio ubingwa wake wa pekee wa mashindano hayo, na ulipatikana miaka kumi kabla ya visiwa kuwa na bendera iliyotungiwa sheria. Kikombe kilikuja kwanza, kitambaa kikafuata. Anayedhani kuwa bila ya bendera hakuna cha kupigania, na autafakari mwaka huo.

Lakini hoja ya upande wa pili nayo ina uzito, na mwaka 2017 uliidhihirisha. Mwezi wa Machi, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Furaha iliyokuwapo Unguja na Pemba haihitaji kuelezwa. Mwezi wa Julai, mjini Rabat, uanachama huo ukaondolewa, kwa hoja kuwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Ilidumu kwa miezi minne, muda mrefu kuliko ule wa bendera ya karafuu. Waliosikitika hawakusikitikia kitambaa. Walijua kuwa kutambuliwa ni mlango wa mashindano ya kufuzu, wa mafunzo, wa misaada ya viwanja, na wa macho ya wanaotafuta vipaji. Kama majahazi ya Sur, walitaka kivuli. Kumwambia kijana wa Makunduchi kwamba bendera ni nguo tu, ilhali nguo hiyo ndiyo inayofungua au kufunga njia yake, ni kumfanyia istihizai.

Watu hutoa mfano wa Uingereza, ambako England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina timu yake ya mpira na bendera yake, na katika Olimpiki hukutana chini ya bendera moja. Hutolewa pia mfano wa Taiwan, ambayo tangu 1981 huingia Olimpiki kwa bendera iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo tu. Mifano hii haithibitishi kuwa Zanzibar imedhulumiwa au haikudhulumiwa. Inathibitisha kuwa kanuni za viwanja ni mapatano ya watu, yenye historia, na kwamba waliotangulia kufika mezani walipata nafasi ambazo waliochelewa hawazipati. Hilo ni jambo la kujadiliwa kwa hoja, bila ya kulitia ghadhabu wala kulipuuza.

Mwezi wa Disemba mwaka huohuo, Zanzibar ilikwenda Kenya kwenye kombe la CECAFA. Mjini Machakos iliifunga timu ya Tanzania Bara mabao 2 kwa 1. Atazamae bendera za mchezo ule hukuta fumbo. Timu ya Bara iliingia kwa bendera ya Muungano, kwani Tanganyika haina bendera tena. Zanzibar iliingia kwa ya kwake, ambayo imeibeba hiyohiyo ya Muungano katika pembe. Kila upande ulikuwa na kitu cha mwenzake mkononi. Baadaye Zanzibar iliwatoa Uganda, waliokuwa mabingwa, na katika fainali ikatoka sare ya mabao 2 na Kenya, ikashindwa kwa penalti 3 kwa 2. Waliporudi nyumbani wachezaji walipokewa kwa shangwe kana kwamba wamelileta kombe.

Miongoni mwao alikuwamo Feisal Salum. Mwaka 2019 kijana huyohuyo alikuwa Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika, safari hii akiwa na Taifa Stars, chini ya bendera ya Muungano. Je, aligeuka kwa kufuata upepo? Methali ingemhukumu hivyo, lakini mtu muadilifu hawezi. Kila bendera ilimpa kazi, na kila kazi aliifanya. Mtoto anayemtumikia mama yake asubuhi na bibi yake jioni hana nyuso mbili. Unafiki huanza pale mtu anapoipokea amana moja huku moyoni amekusudia kuihini, na hilo halionekani kwa idadi ya bendera.

Mwezi wa Agosti 2025, uwanja wa Amaan ulikuwa mwenyeji wa michezo ya CHAN, mashindano ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Senegal, Nigeria, Sudan na Congo zilishindana hapo, mbele ya watu wa Unguja, na bendera ya Zanzibar haikuwa miongoni mwa bendera za washindani. Watazamaji waliwashangilia wageni wao. Ni ukarimu, na pia ni aina ya subira: mwenye nyumba kuandaa karamu ambayo jina lake halimo katika orodha ya walioalikwa. Kisiwa kinachoweza kufanya hivyo bila ya kununa kimeifahamu adabu ya bendera kuliko wengi wanaoihubiri.

Linabaki swali la deni. Kwamba mwanamichezo anadaiwa, kila mtu anakubali, na historia ya Tanzania ina mfano wa deni lililolipwa kwa ukamilifu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, na ulimwengu ulisubiri kumwona akipambana tena na John Walker wa New Zealand katika Olimpiki za Montreal mwaka 1976. Hawakupambana. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu. Bayi alisubiri hadi Moscow mwaka 1980, na huko, katika mbio nyengine, za kuruka viunzi na maji, akapata medali ya fedha. Suleiman Nyambui akapata ya pili katika mita 5,000. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Mwaka 1976 bendera haikumwomba Bayi akimbie. Ilimwomba akae, kwa ajili ya watu asiowajua, waliokuwa chini ya dhulma. Sababu ilikuwa ya haki. Lakini miaka bora ya mkimbiaji haikopeshwi mara mbili, na aliyeitoa aliitoa kweli.

Ikiwa bendera ina haki ya kuomba kiasi hicho, basi waliomo nyuma yake hawawezi kuwa huru na deni. Amana, kama ijulikanavyo katika sharia na katika desturi za pwani, humfunga anayeipokea ailinde, lakini pia humfunga anayeitoa asimtwike mwenziwe mzigo asiouweza. Nahodha wa jahazi hakabidhiwi chombo kilichotoboka kisha akalaumiwa kwa kuzama. Hapana budi chombo kikalafatiwe, tanga lishonwe, maji na chakula vipakiwe, ndipo iambiwe: haya, tweka, Mungu akufikishe. Nahodha wa timu naye jina lake ni hilohilo, na haki yake ni hiyohiyo. Kumpa bendera kijana aliyefanyia mazoezi mchangani, aliyekatiwa tiketi jana usiku, asiye na daktari wala uhakika wa posho, kisha kumuusia asiliaibishe taifa, ni kumgeuzia deni. Aibu, ikiwapo, imetangulia kabla ya safari.

Kwa hivyo hafla ya kukabidhi bendera ingefaa irefushwe kidogo. Baada ya kiongozi kusema anachokitaka kwa nahodha, nahodha naye apewe nafasi ya kusema ni nini walichopatiwa na nini walichokikosa, mbele ya watu walewale na kamera zilezile. Hilo halitaondoa heshima ya shughuli. Waungwana wakikabidhiana amana huandikiana, na wote wawili hutia saini.

Timu inaporudi, iwe imeshinda au imeshindwa, bendera hukunjwa ikarejeshwa. Aghalabu siku hiyo haina picha, hata kwa walioshindwa kwa penalti tatu kwa mbili, mbali na kwao. Lakini hiyo ndiyo siku ambayo amana hurudishwa kwa mwenyewe, na desturi ya watu wa visiwa hivi ni kuwa anayerejeshewa amana yake salama husimama, akapokea kwa mikono miwili, na akashukuru.